Mume wa Siku Saba

Njaa mtu huisema, uchovu huusema, na hata mapenzi, kwa mwenye uso mkavu, husemwa. Kinyaa ni shida kukisema. Asubuhi ya siku ya saba Shaikha binti Humud aliamka kimemkaa kooni, na hakuwa na wa kumwambia, kwa sababu kila aliyestahili kuambiwa ndiye aliyekuwa akimtia kinyaa hicho. Kaka yake alimtia kinyaa. Aliyekuwa mumewe ndiye zaidi. Na huyu wa sasa, aliyekuwa nje akikuna nazi huku akipiga mluzi, Shaikha alitaka sana amtie kinyaa naye, lakini kila alipojaribu alishindwa, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

Kisa chenyewe lazima kijulikane, maana bila kukijua mtu atamdhani Shaikha mwanamke wa deko. Mumewe, Mbaruk bin Saleh, alikuwa na duka la nguo karibu na forodha ya Bagamoyo, enzi hizo za Sayyid Barghash. Siku moja kulikuwa na hitima nyumbani kwake, sebule imejaa wanaume, na Mbaruk akataka aonekane msomaji. Akaisoma Yasini kwa sauti ya kujishaua, akaruka aya mbili. Shaikha, aliyesomeshwa na marehemu baba yake tangu ana miaka sita, alikuwa nyuma ya pazia akipanga vikombe vya kahawa, na mdomo ukamponyoka. Alimrudisha kwenye aya zile taratibu, kama wanavyorudishana watoto chuoni, bila hata kufikiri.

Mzee mmoja akacheka. "Bwana Mbaruk, kumbe imamu unaye ndani!"

Basi. Kahawa haijamiminwa, Mbaruk aliinuka, akalivuta pazia, akamtolea mkewe talaka tatu kwa pumzi moja mbele ya wageni, vikombe bado mkononi mwake. Mke wa miaka minne! Kosa lake ni kuijua Kurani.

Hasira hasara. Wiki mbili hazijaisha Mbaruk akaanza kulilia mlango wa Darwesh, kaka yake Shaikha, kwamba nyumba imepoa, chakula hakiliki, usingizi haupati. Kumrudia hawezi. Aliyetoa tatu amefunga mlango kwa mkono wake: mwanamke huyo ni haramu kwake mpaka aolewe na mume mwingine, aingiliwe, aachwe kwa hiari ya mume huyo, akae eda. Sheria iliwekwa hivyo ili mwanaume auogope ulimi wake. Lakini wanaume hawa, wallahi, mpe mmoja wao mlango uliofungwa atakuonyesha dirisha. Wakakaa wawili, Mbaruk na Darwesh, wakanong'ona, wakatafuta mtu wa kumuoa Shaikha siku saba kisha amuache, ili aliyemtupa aweze kumwokota. Shehe Dadi mwenyewe alikuwa akifundisha msikitini kwamba mwenye kuhalalisha na mwenye kuhalalishiwa wote wamelaaniwa. Walipomjia hakuwauliza sana.

Na Shaikha? Aliitwa akaambiwa. Alikuwa ametoka eda, hana baba, hana mama, anakula chakula cha wifi. Alilia siku mbili, ya tatu akaozeshwa, akafunikwa gubigubi akapelekwa Kaole, kwenye shamba la minazi la Darwesh, mbali na macho ya mji, kwenye kibanda cha mkwezi wa shamba hilo. Mkwezi huyo ndiye Mwinjuma.

Walimchagua kwa sababu ni mpole, ndugu zake wako mbali huko Lugoba, na kwa sababu moja nyingine ambayo Darwesh aliisema akicheka bila kujua dada yake anasikia: "Mtu kama yule hata akikaa naye siku saba, wewe utamwonea wivu wa nini?"

Sasa siku saba zimekwisha.

Shaikha alijitanda kanga, akatoka uani. Mwinjuma alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi kama alivyokaa kila asubuhi, miguu imepanuka, mikono yenye sugu za kupanda minazi inazungusha kifuu. Mihogo ilikuwa inatokota.

"Umeamka, bibi?"

"Nimeamka."

"Mihogo iko tayari, limebaki tui. Umelala vizuri?"

"Sikulala."

Mwinjuma hakuinua macho. "Hata mimi sikulala," akasema.

Shaikha akakaa kwenye kigoda. Kwa miaka minne nyumbani kwa Mbaruk alimwona mwanaume akila tu. Kinakotoka chakula chenyewe, hakujishughulisha kujua hata siku moja.

"Kwenu huko, mwanaume akikaa juu ya mbuzi watu husema nini?"

"Husema ana njaa."

Kicheko kikamtoka Shaikha kabla hajakizuia. Mwinjuma akamtazama, mara moja tu, na mara hiyo ikatosha kumchoma mashavu. Ndivyo ilivyokuwa tangu siku ya tatu. Macho yakikutana, mmoja wao hutafuta kitu cha kufanya. Yeye huchochea moto usiohitaji kuchochewa. Mwinjuma hutoka kwenda kukagua mnazi aliokwisha kuukagua.

Usiku wa kwanza Shaikha alikaa kitandani amejikunja, meno ameyauma, akimngoja kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Mwinjuma alisimama mlangoni, akachukua jamvi lake. "Mimi nimeitwa na kaka yako," alisema, "wewe hukuniita. Nitalala nje." Akalala nje. Usiku wa pili vilevile. Shaikha alidhani anamwona mbaya, akakasirika, akajishangaa kwa nini anakasirika. Siku ya nne akajikuta anaijua hatua yake kwa kuisikia. Siku ya tano alitaka kumuita. Wallahi alitaka! Jina lilifika kwenye ulimi likarudi, kwa sababu kungwi wake alimfundisha kwa nyimbo na kwa makofi kwamba mwanamke huitika, haiti. Anayeita ana jina lake mjini, na jina hilo halitamkiki.

"Leo watakuja," Shaikha akasema.

"Najua."

"Utaniacha?"

Mwinjuma akaacha kukuna. "Nimeahidi."

"Umewaahidi wao. Na mimi umeniahidi nini?"

"Wewe hukuniomba kitu, bibi."

"Acha kuniita bibi! Mke wako mimi, angalau mpaka jua lipande. Niambie kweli. Kwa nini ulikubali uchafu huu? Mtu mzima mwenye akili zako, unaambiwa uoe mke wa mtu kama unayepewa sufuria ukaisugue urudishe, unasema ndiyo?"

Mwinjuma akajipangusa mikono, taratibu, kidole kwa kidole.

"Nilipokataa, kaka yako alisema atampa mnyapara wa wapagazi pale karibu na kambi ya misafara. Namjua yule. Nikasema heri mimi." Akakisukuma kifuu pembeni. "Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni mbaya. Nilikuwa nakuona unapokuja shambani na marehemu baba yako, unasoma kitabu kivulini, hata nazi zikianguka huinui kichwa. Nikajiambia siku saba si haba. Kwa hiyo uchafu na mimi ninao. Usiniweke pembeni na wenzangu."

Shaikha hakujua acheke au alie. Mtu wa kwanza kumwambia kweli ni huyu, na kweli yenyewe ilimtia joto na kichefuchefu kwa pamoja.

"Mwinjuma..."

"Naam."

Neno la pili la sentensi hiyo lilikuwa *usiniache*, na lilikuwa limefika kabisa. Lakini hodi ikapigwa.

"Hodi wenyewe! Hodi!" Alikuwa shangazi yake, Bi Jokha, ametangulia wanaume, na mfuko wa udi na liwa mkononi. Alipomwona Mwinjuma alisimama kama aliyekanyaga nyoka. "Astaghfirullahi! Mwanaume juu ya mbuzi! Ebo! Na wewe umekaa unamtazama?"

"Shikamoo, shangazi," Shaikha akasema.

"Marahaba, ingia ndani. Ingia, mwana wee, wanakuja." Akamsukuma ndani, akashusha pazia la mkeka mlangoni. Hapo sauti ikashuka. "Haya. Ameonja asali?"

Shaikha alijua anaulizwa nini. Akamtazama shangazi yake, yule aliyemlea tangu mama yake afe, aliyemtoboa masikio, akaona mwanamke huyu anamuuliza habari za mwili wake kama anavyouliza samaki kama amepata chumvi. Akanyamaza.

"Alhamdulillahi," shangazi akasema. "Kunyamaza kwako kumetosha. Nilihofu, maana hawa wa mashamba wengine hawana adabu, wengine hawana nguvu."

"Shangazi, hujaniuliza kama nataka kurudi."

"Kutaka?" Bi Jokha alishangaa kweli, hakujifanya. "Mbaruk amekonda, mwanangu. Amekonda kwa ajili yako. Wangapi wanakondewa? Mwanamke ni nguo, mgomba kupalilia. Unarudi nyumbani kwako, kwenye vyombo vyako."

"Nguo? Basi mimi ni nguo ya kuazima. Imevaliwa siku saba, leo inadaiwa."

"Ulimi huo ndio uliokuacha! Huo huo! Leo ufunge. Ukiulizwa, lia kidogo, watajua."

Nje kwato za punda zilisikika, kisha "Assalaam aleikum" ya Shehe Dadi, mzito, mwenye pumu, na nyuma yake harufu ya marashi. Shaikha aliyajua marashi yale. Zamani yalikuwa yakimfurahisha. Leo yalipopenya kwenye mkeka alifunika pua kwa kanga. Akachungulia. Darwesh kaka yake alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa, na Mbaruk, kweli, amekonda. Alikataa kukaa kwenye jamvi. Macho yake yalikuwa yakizunguka kibanda, yakatua kwenye mlango, yakatua kwenye jamvi, yakatua kwenye mikono ya Mwinjuma yakaganda hapo, na uso ukamkunjamana kama aliyeuma ndimu mbichi. Mtu huyu alikuwa akifa kwa wivu wa jambo alilolipanga mwenyewe. Angalau ana wivu, Shaikha alijiambia. Halafu akajiuliza hiyo "angalau" imetoka wapi, akajichukia.

"Karibuni mihogo," Mwinjuma akasema.

"Hatukuja kula," Mbaruk akajibu. "Toa neno tuondoke."

"Tulia, bwana, tuanze kwa utaratibu," Shehe Dadi akasema. "Kwanza ni wajibu niulize..."

"Maswali baadaye, shehe! Atoe kwanza. Siku saba nimekaa juu ya makaa. Atoe, nimsikie kwa masikio yangu."

Darwesh akamgeukia mkwezi wake. "Mwinjuma, ulinipa ahadi. Ya mwanaume kwa mwanaume."

"Nilikupa, bwana."

"Haya."

Nyuma ya mkeka Shaikha alishika nguzo. Alikuwa bado anatumaini. Ndiyo, acha tumseme, alitumaini kama mtoto kwamba Mwinjuma atasema *sitoi*, atasimama mbele ya mlango, na mambo yote yaishie hapo. Mwinjuma aliinama. Shehe akakohoa.

"Nimemuacha Shaikha binti Humud, talaka moja."

"Tatu!" Mbaruk akaruka. "Toa tatu, tumalize!"

"Tatu ni za mwenye hasira," Mwinjuma akasema. "Mimi sina hasira naye."

Neno lile lilimpata Shaikha kifuani, lakini halikumponya. Hata wewe, alisema moyoni. Hata wewe, Mwinjuma! Mnatunziana ahadi, nyinyi wanaume, mnatunziana heshima, mnapeana mikono, na kinachopita kati ya mikono hiyo ni mimi. Machozi ya ghadhabu yalimtoka, na shangazi, masikini, akampigapiga mgongoni akidhani analia kama alivyoagizwa.

"Moja inatosha," Shehe Dadi akasema. "Atakaa eda, kisha Bwana Mbaruk atapeleka posa upya. Lakini sasa nitauliza, na nitajibiwa, maana nitajibu mbele ya Mungu. Mwinjuma, ulikaa naye kama mume na mke?"

Kuku wakaparura uani.

"Muulizeni mwenyewe," Mwinjuma akasema. "Ni lake kulisema."

"Amuulize nani?" Darwesh akafoka. "Dada yangu hawezi kusimama mbele ya wanaume akasema mambo hayo! Amenyamaza. Kimya chake ndiyo yake."

Shehe akatikisa kichwa. Huenda dhamiri ilianza kumuuma. Huenda ni jua tu. "Kimya ni cha mwanamwali, Bwana Darwesh. Mwanamke aliyekwisha kuolewa husema kwa ulimi wake."

Bi Jokha akamshika Shaikha mkono. "Sema ndiyo," akanong'ona kwa ukali. "Kweli, uongo, sema ndiyo. Ukisema siyo, umeharibikiwa. Huwezi kurudi kwa Mbaruk!"

Huwezi kurudi kwa Mbaruk. Shangazi alilisema kama tishio. Shaikha alilisikia kama mtu aliyeonyeshwa mlango ambao siku zote ulikuwa wazi na yeye kakazana kugonga ukuta. Aliuvuta mkono wake, akajitanda vizuri, akasukuma mkeka, akatoka.

Wanaume wote wakatazama chini, isipokuwa Mbaruk.

"Hakunigusa," Shaikha akasema.

"Nini?" Darwesh.

"Hakunigusa, kaka. Siku saba, hata unyayo. Alilala hapo nje kwenye jamvi, akapika, akateka maji, akakuna nazi. Nipe msahafu niape."

Sasa msomaji, kama una moyo wa kibinadamu, utadhani Mbaruk alifurahi. Mwanaume aliyekonda kwa wivu anaambiwa wivu wake haukuwa na sababu! Hakufurahi. Alimrukia Mwinjuma akamshika kifua cha kanzu.

"Siku saba! Siku saba nimekuachia mwanamke, wewe unakuna nazi? Mwanaume wewe? Mwanaume gani wewe?"

"Mwachie!" Shehe akasema.

"Amenirudisha nyuma, shehe! Amenipotezea siku saba!"

"Na mimi aibu yangu iko wapi?" Darwesh naye akapaza sauti, akimwonyesha Mwinjuma kidole. "Nimekupa dada yangu ukamuweka kama mgeni? Watu wakisikia watasemaje? Watasema ana kasoro!"

Bi Jokha kutoka ndani: "Si nilisema hawana nguvu!"

Shaikha aliwatazama mmoja mmoja. Kichefuchefu kikampanda mpaka kwenye meno. Jana mtu huyu alikuwa hali kwa kuwaza kwamba mkono wa mwanaume mwingine uko juu yangu, na leo anamkaba mwanaume huyo kwa nini mkono haukuwa juu yangu. Kaka yangu aliyekataa niulizwe, kwa heshima, sasa anapiga kelele za kitanda changu shamba zima likisikia. Mtu mmoja tu hapa hakusema chochote cha aibu, na huyo ndiye anayeambiwa si mwanaume.

"Shehe," Mbaruk akasema, akihema, amemwachia, "dawa yake nini?"

"Dawa?" Shehe Dadi akajifuta jasho. "Talaka kabla ya kuingiliwa haina eda. Mwanamke huyu yuko huru saa hii hii. Ila kwako wewe bado haramu, kama jana."

"Yuko huru saa hii? Anaweza kuolewa leo?"

"Hata sasa."

"Basi amuoe tena!" Mbaruk alimgeukia Mwinjuma, na sauti yake, Mungu atusamehe, ilikuwa ya kubembeleza. "Amuoe tena sasa hivi, tupo, shehe yupo, kaka mtu yupo. Na safari hii afanye kazi aliyoitiwa. Mwinjuma ndugu yangu, nakuomba. Fanya kama mwanaume."

Hata shehe aliangalia pembeni.

Shaikha alingoja kinyaa kipite. Hakikupita, basi akasema nacho. "Mimi ndiye ninayeolewa. Siulizwi?"

"Unaulizwa," shehe akasema haraka. "Lazima uulizwe."

"Basi nataka niseme na Mwinjuma kwanza. Peke yetu."

"Haifai!" Darwesh akaanza. "Si mumeo tena, ni mtu baki..."

"Mwache aseme naye," Mbaruk akamkatiza. "Mwache amtie moyo."

Amtie moyo! Shaikha hakumjibu. Wakasogea mpaka kwenye jiko, hatua kumi, wote wanawaona, hakuna anayewasikia. Tui lilikuwa limemwagikia moto, likinuka kuungua.

"Umeniacha," Shaikha akasema.

"Nimekuacha."

"Ahadi yao umeimaliza?"

"Niliahidi siku saba na talaka. Wamepata siku saba, wamepata talaka. Sina deni nao."

"Ulinitia kinyaa ulipotamka, Mwinjuma. Nataka ujue. Niliposikia sauti yako nilitamani kutapika kama ninavyotamani nikiwaona wale."

"Najua. Nilijitia kinyaa mwenyewe. Lakini ningekushikilia kwa nguvu ningekuwa nani? Mbaruk wa pili. Wewe hukunichagua."

Kungwi, nyimbo zake na makofi yake, alikuwa mbali sana asubuhi hiyo. Shaikha akamtazama machoni, na safari hii hakuna aliyetafuta moto wa kuchochea.

"Sasa nakuchagua. Nimesema mimi, kwa mdomo wangu, na watu na waniite watakavyo. Nakutaka. Tangu siku ya nne. Unanitaka?"

"Tangu unasoma kivulini," akasema, na jicho lilikuwa limemlowa.

"Wakija kunidai?"

"Nitadaiwa kwa ahadi gani? Safari hii simpi mtu ahadi isipokuwa wewe."

Wakarudi. Mbaruk alimtazama Mwinjuma, akaona machozi, akadhani ni ya woga, akampigapiga begani.

"Nimekubali," Shaikha akamwambia shehe. "Mahari yangu ni kikoi chake kipya."

Shehe Dadi alimtazama kwa muda. Mzee hakuwa mjinga. Kwenye pembe ya mdomo wake kilipita kitu, huenda pumu. Akakaa kwenye jamvi, akamweka Darwesh mbele ya Mwinjuma, akawashikanisha mikono.

"Bwana Darwesh, wewe ndiye walii. Huyu si wa ukoo wenu. Huna la kusema juu ya hilo?"

"Nilimuozesha wiki iliyopita, nitasema nini leo? Tuendelee, shehe, jua linapanda."

"Mashahidi ni mimi na Bwana Mbaruk. Bwana Mbaruk, kuna sharti lolote? Nauliza kwa sauti. Ndoa yenye sharti la kuachana ni batili, na ikibatilika hii, wewe pia umebatilikiwa."

"Hakuna sharti! Hakuna sharti lolote, shehe, nashuhudia mbele ya Mungu. Oza!"

Darwesh akaozesha. Mwinjuma akakubali, na sauti aliyokubalia haikuwa ile ya asubuhi. Bi Jokha aliisikia ndani akaacha kutafuta udi wake. Fatiha ikasomwa. Aliyeitikia amina kwa nguvu zaidi ya wote ni Mbaruk.

Kisha Mbaruk akainuka, akajikung'uta kanzu, mchangamfu. "Haya, Mwinjuma. Siku moja inatosha. Kesho asubuhi narudi, utoe neno lako."

"Karibu kesho," Mwinjuma akasema. "Utakuta mihogo. Neno sina."

"Huna vipi?"

"Nililokuwa nalo nililitoa mbele yako asubuhi hii. Hili jipya sina wa kumpa."

Mbaruk akacheka. Akamtazama Darwesh ili wacheke pamoja, na Darwesh alikuwa akiuangalia mkono wake wa kulia, ule uliomuozesha dada yake, mdomo wazi. Mbaruk akamtazama shehe.

"Shehe! Mwambie! Ulisikia mpango wetu!"

"Nilisikia hakuna sharti," Shehe Dadi akasema. Alikuwa anapanda punda wake. "Ulishuhudia mbele ya Mungu, na mimi nilikuwa shahidi wa pili. Assalaam aleikum."

Hapo ndipo Mbaruk alipogeuka. Macho yake yalimtafuta Shaikha, yakampata kando ya mlango, yakamshika usoni, macho ya mtu aliyezoea kutazama kilicho chake. Machozi yalikuwa yakimtoka, ya kweli kabisa, na zamani Shaikha angeyapangusa kwa ncha ya kanga.

"Shaikha," akasema, "mke wangu..."

"Tazama chini, bwana," Shaikha akamwambia. "Huyu unayemtazama ni mke wa mtu."